PS2 yangu haili bando

"Mjomba, hii inakula bando?"

Mpwa wangu ana miaka 11, na hilo ndilo swali lake la kwanza kwa kifaa chochote chenye taa inayopepesa. Alikuwa ameshika padi ya PS2, yaani PlayStation 2, ile mashine ya gemu ya Sony, mpira umeshaanza, na nyuma ya TV kuna kiruta kidogo kinawakawaka kijani. Nikamwambia haili. Hakuniamini, na simlaumu. Hapa kwetu ukisema WiFi mtu anasikia bando. Jirani akikuomba paswedi ya WiFi haombi mawimbi, anaomba MB.

Mimi naona hapo tunajipunja. WiFi ya nyumbani ni njia ya ndani ya ua. Bando ni nauli ya anayetoka nje ya geti. Kutoa sufuria jikoni ukaipeleka sebuleni hakuna anayekudai nauli, lakini tumeshazoea kuamini kwamba ruta isipokuwa na bando ni boksi la plastiki tu. Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni mashine ambayo hata hiyo WiFi yenyewe haijui.

Ni PS2 ile nyembamba, aina iliyoanza kutoka 2004. Niliinunua imeshatumika, Kariakoo, tayari ina chipu: fundi fulani miaka ya nyuma aliifungua, akachomelea nyaya nyembamba kama nywele kwenye bodi, ikaanza kukubali CD za kuchoma. Vijana wa leo wanaona ni kitu cha makumbusho. Lakini Sony waliuza PS2 zaidi ya milioni 150 na wakaendelea kuitengeneza mpaka mwishoni mwa 2012, na hata baada ya hapo gemu la PES 2014 bado lilitoka kwa ajili yake. Kwenye vibanda vya gemu imeishi zaidi ya hapo.

Chipu wala haikuwa na tatizo. Kilichochoka ni lenzi. Kama umewahi kukaa kibandani unaijua hii: mashine haisomi, mtoto anaisimamisha wima, bado, anaigeuza kichwa chini miguu juu, ikisoma, kelele. Yangu ilifika hatua ya kupinduliwa kila siku. Unaweza kununua lenzi nyingine, ndiyo, ila mara nyingi imetolewa kwenye PS2 iliyokufa, kwa hiyo unanunua uchovu wa mtu mwingine.

Dawa inayouzwa na mafundi ni "PS2 ya flashi". Unapewa memori kadi yenye Free McBoot, programu inayoifanya PS2 ikubali programu zisizo za Sony, unawasha programu inaitwa Open PS2 Loader, gemu zinasomwa kutoka kwenye flashi, lenzi inapumzika. (Zile PS2 za mwisho mwisho, baadhi ya zinazoanza na namba SCPH-9000, zinaikataa Free McBoot, angalia kibandiko cha chini kabla hujalipa.) Ni dawa nzuri, ila ina shida moja ambayo wauzaji hawaitaji. Tundu la USB la PS2 ni toleo la 1.1, na mwisho wake ni megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti 1.5 kwa hesabu ya karatasi. Ukicheza unapata chini ya hapo. Kisomeo chake cha DVD kinafika karibu megabaiti 5. Kwa maneno mengine, flashi yako mpya iko nyuma ya lenzi yako mgonjwa. Ndiyo maana vile vipande vya video katikati ya gemu vinakwamakwama, sauti inatangulia, midomo inafuata. Nimeona mtu akibadilisha flashi tatu akidhani ni feki. Hata ukichomeka flashi ya bei gani, mlango ni uleule mwembamba.

Mlango mpana upo nyuma ya mashine hiyohiyo. Ni lile tundu la mraba la waya wa mtandao, ambalo sisi utotoni tuliamini ni la simu ya mezani. Lile linapitisha megabiti 100. Kwenye PS2 nyingi za mtaani halijawahi kuchomekwa kitu tangu zitoke kiwandani. Limejaa vumbi na, kwa yangu, yai moja la mende.

Basi mpango ukawa huu: gemu zikae kwenye laptopu, PS2 izisome kupitia mtandao wa nyumbani. Ruta iko chumbani, TV iko sebuleni, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Kwa hiyo hewani. Nikafanya kosa la kwanza ambalo kila mtu hulifanya: nikanunua kile kidude cha WiFi cha USB cha elfu kumi na tano, nikakichomeka mbele ya PS2. Hakikufanya kitu. Mashine haina programu ya kukitambua na hakuna atakayeiandika leo.

Kinachofanya kazi ni ruta ndogo, zile zinazoenea kiganjani, yenye hali ya "klayenti". Kawaida ruta inapokea waya na kutoa WiFi. Ukiiweka kwenye hali hiyo inageuka, inapokea WiFi na kutoa waya. Hata vile virudufu mawimbi vinavyochomekwa ukutani, kama vina tundu la waya, vingi vinaweza. Unakipa jina na paswedi ya WiFi ya nyumbani, unachomeka waya mfupi kutoka kwake hadi PS2, na PS2 inaamini imeunganishwa kwa waya maisha yake yote. Haijui kwamba katikati kuna hewa.

Na hapa nina maoni ambayo rafiki zangu wanayaona ya ajabu: PS2 imezeeka vizuri kwa sababu haina WiFi. Iangalie Nintendo DS, ilitoka mwaka uleule wa 2004, yenyewe ikiwa na WiFi yake ndani. Tulivyoionea wivu! Lakini ulinzi inaoujua ni WEP tu, kufuli ambalo leo linafunguliwa kwa dakika chache na mtu mwenye laptopu na nia mbaya. Ukitaka DS ya zamani iingie kwenye mtandao wako, inabidi nyumba nzima ishushe kufuli ili mgeni mmoja apite. PS2 haikuombi hivyo. Paswedi anaijua mkalimani wake, yule kiruta kidogo, na kufuli likibadilika kesho nabadilisha mkalimani.

Usiku wa kwanza haikukubali. Wa pili pia. Ujumbe ni uleule, mtandao umeshindikana, na mimi nimeshaanza kuilaumu memori kadi. Kosa lilikuwa langu na lilikuwa la anwani, ile namba ambayo kila kifaa kinapewa kwenye mtandao. Open PS2 Loader inakuja ikiwa imejipa anwani ya 192.168.0.10. Ruta yangu ni ya laini ya 4G, na kama nyingi za aina hiyo yenyewe inakaa 192.168.8.1. Tazama namba ya tatu: moja iko mtaa wa sifuri, nyingine mtaa wa nane. Zinaweza kuitana mpaka asubuhi, hazitasikiana. Nikaipa PS2 192.168.8.50, laptopu 192.168.8.20, barakoa (namba inayoonyesha mtaa unaishia wapi) ile ya kawaida ya 255.255.255.0, na kwenye ruta nikaifunga hiyo 20 iwe ya laptopu peke yake isije ikagawiwa simu ya mtu. Orodha ya gemu ikashuka kwenye skrini kama mvua.

Sasa sehemu inayonikera. PS2 inaongea na laptopu kwa lugha ya kushirikiana mafaili inayoitwa SMB, toleo la kwanza. Toleo hilo ni lilelile lililotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, kilipofunga kompyuta katika nchi nyingi na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Dawa ya udhaifu ule Microsoft walikuwa wameshaitoa miezi miwili kabla. Waliopigwa ni ambao hawakusasisha. Baadaye mwaka huohuo Windows 10 ikaanza kuja bila SMB ya kwanza. Sasa fungua video yoyote ya maelekezo, utamsikia kijana anakwambia kwa furaha: nenda hapa, weka tiki hapa, washa SMB 1, tumemaliza. Hakuna neno la kwa nini ilizimwa.

Usiiwashe kwenye laptopu yako ya kazi, ile yenye barua pepe, picha za familia na nyaraka za benki. Kwa ajili ya gemu? Hapana. Mimi nilitafuta laptopu iliyochoka, betri imekufa, kioo kina ufa, nikaweka Linux badala ya Windows, na Samba, programu inayoigawa folda kwa lugha hiyo ya SMB. Nayo Samba tangu 2019 hailikubali toleo hilo mpaka uandike mwenyewe kwenye mipangilio kwamba kiwango cha chini kabisa kiwe NT1, ndilo jina la SMB ya kwanza humo. Humo ndani kuna folda moja tu, ya gemu. Siku ikivamiwa, mvamizi atapata mpira wa 2013 na magari. Na kwenye ruta sijafungua mlango wowote wa kutoka nje.

Kuna rafiki alinishauri niiweke PS2 kwenye ule mtandao wa wageni ambao ruta nyingi zinao. Wazo zuri kwa friji au kamera, ila hapa halifai: wageni kwa kawaida wanatenganishwa, hawaonani wala hawaoni vifaa vya wenyeji, kwa hiyo PS2 isingeiona laptopu.

Hata baada ya yote hayo, video zilikuwa bado zinajikwaa kidogo. Nilikaa nayo wiki nzima. Chanzo kilikuwa kwamba laptopu nayo ilikuwa kwenye WiFi. Kila kipande cha gemu kilikuwa kinaruka mara mbili, kutoka laptopu kwenda ruta, halafu ruta kwenda kwa kiruta cha sebuleni, na kwenye WiFi wanaotumia chaneli moja wanapokezana kuongea. Nikaichomeka laptopu kwa waya kwenye ruta huko chumbani. Mruko ukabaki mmoja. Kisha nikahamisha chaneli, maana jengo letu lina ghorofa nne na kila mlango una ruta yake, wote tumerundikana chaneli ya 6. Kwenye 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, nikaenda 11. Sasa midomo na sauti vinakwenda pamoja.

Nikuambie ukweli lakini. Kama laptopu yako inaweza kukaa karibu na TV, achana na hadithi yangu yote. Nunua waya wa mita mbili, chomeka upande mmoja kwenye PS2 na mwingine kwenye laptopu, wape anwani za mtaa mmoja, cheza. Ni haraka kuliko WiFi na hakuna jirani wa kukuingilia. Mimi nilikwenda hewani kwa sababu ya ukuta wa mwenye nyumba na, nakiri, kwa ubishi.

Swali la emyuleta, programu inayoiga PS2 ndani ya kompyuta, huwa halikosekani. Laptopu yangu yenye ufa inaweza kuhifadhi gemu, kuziendesha haiwezi. Hilo linataka kompyuta yenye nguvu, na aliyenayo hahitaji ushauri wangu. Kuhusu uhalali, nakala zangu nimezitoa kwenye diski nilizonazo kabatini. Baadhi ya diski hizo zenyewe zilinunuliwa kwenye meza ya CD za kuchoma, kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya hakimu nikiwa nimevaa nyeupe.

Jumamosi iliyopita bando lilikata saa nane mchana, katikati ya nusu fainali ya watoto. Taa ya intaneti kwenye ruta ikawa nyekundu. Dada yangu akatoka chumbani na simu mkononi, video yake imeganda, akasimama mlangoni akitazama TV ambako kipa alikuwa ndiyo anaudaka mpira.

"Mbona mimi mtandao umekata na hawa wanacheza?"

"Dada, hawa hawatumii intaneti. Wanatumia WiFi."

Akanitazama. Akamtazama mwanawe. Mwanawe, bila kuondoa macho kwenye skrini, akamwambia, "Mama, haili bando." Dada akabofya salio lake kwanza, akahakikisha ni sifuri kweli, ndipo akaniuliza kama na yeye tamthilia zake zinaweza kuwekwa kwenye ile laptopu mbovu.