Siku kumi zimebaki, viza imekwisha

Binamu yangu alinipigia simu asubuhi ya Jumatatu, tarehe 16 Juni mwaka 2025, nikiwa kwenye daladala karibu na Mwenge. Kelele zilikuwa nyingi, nikamwambia subiri nishuke. Nilipopokea tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayezuia kilio.

"Kaka, wananiambia viza imekwisha. Na hapa imeandikwa mpaka tarehe nane mwezi wa saba. Mimi nisome nini tena?"

Alikuwa kwenye kaunta ya ndege London, ana tiketi ya kurudi Amsterdam. Nikamwomba apige picha ule ukurasa wa viza anitumie. Picha ilikuja imepinda kidogo, kidole gumba chake kinaonekana pembeni kikiwa bado na hina ya harusi. Kuanzia 3 Juni hadi 8 Julai. Muda wa kukaa, siku 21. Na pale panapoandikwa idadi ya kuingia, tarakimu mbili ambazo hakuna mtu kwenye ukoo aliyekuwa amezitazama: 01.

Aliingia Uholanzi tarehe 3, akakaa Rotterdam kwa dada yake siku 11. Tarehe 13 akavuka kwenda London kwenye harusi ya upande wa baba yake. Viza ya Uingereza alikuwa nayo, aliihangaikia na kuilipia peke yake. Alipoondoka Amsterdam akagongewa muhuri wa kutoka, na pale pale ile 01 ikawa imekwisha kazi. Siku 10 bado anazo, lakini haruhusiwi kuingia tena kuzitumia. Sanduku lake liko Rotterdam, na tiketi ya kurudi Dar inaanzia Amsterdam wiki inayofuata.

Tulichangishana kwenye grupu la ukoo, tukamkatia tiketi nyingine ya kutoka London moja kwa moja kurudi nyumbani. Ile ya Amsterdam ilipotea bure. Sanduku lilikaa Rotterdam miezi minne mpaka alipopatikana mtu wa kuja nalo. Ndani mlikuwa na mkanda wa magoti aliomnunulia mama yake, ambaye kwa miezi minne aliendelea kujifunga kitambaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza watu wanaosafiri: kwenye viza yako pameandikwa kuingia mara ngapi? Wengi hawajui. Wanajua tarehe ya mwisho tu.

Kwetu tunasema "viza ya Ulaya", na mkanganyiko unaanzia hapo. Viza ya namna hiyo haipo. Iliyopo ni ya Schengen, jina la kijiji kidogo cha Luxembourg kilicho kando ya mto Moselle, pale Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano, hizo tatu pamoja na Ubelgiji na Uholanzi, zilitia saini ndani ya meli iliyokuwa mtoni hapo, zikakubaliana kuondoa ukaguzi kwenye mipaka yao. Ukaguzi wenyewe uliondolewa mwaka 1995. Leo nchi zimefika 29. Croatia iliingia mwaka 2023, na Bulgaria na Romania zikakamilisha mipaka ya nchi kavu tarehe 1 Januari 2025. Uswisi, Norway, Iceland na Liechtenstein zimo, ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya.

Uingereza haimo, na haikuwahi kuwamo hata kabla haijajitoa kwenye Umoja. Ireland ni mwanachama wa Umoja lakini nayo haimo. Ina viza yake. Cyprus haimo, ila mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara mbili au zaidi hupokewa. Kwa hiyo Mtanzania mwenye kibali cha kuishi Leicester, hata kama amekaa huko miaka ishirini, akitaka kwenda Paris wikendi kwa pasipoti ya Tanzania lazima aombe viza ya Schengen kama anayeomba kutoka Dar. Polisi wa mpaka wa Ufaransa atawakuta kabla hata hajapanda treni, pale pale kituo cha St Pancras, London. Anayesoma Ujerumani ana nafuu zaidi. Kibali chake cha ukaazi pamoja na pasipoti vinamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kutembelea tu, kufanya kazi hapana.

Familia nyingi za pwani zina mtu Uingereza na mtu mwingine upande wa pili wa bahari ile nyembamba. Unapokwenda kumwona mmoja, wa pili atakuuliza kwa nini umepita karibu bila kufika. Ni haki yake kuuliza. Ukimfuata kwa viza ya kuingia mara moja, umeshajifungia nje.

Narudi kwa binamu yangu. Fomu ya maombi inauliza wazi: unaomba kuingia mara moja, mara mbili au mara nyingi? Yeye fomu alijaziwa na kijana mmoja wa stationery, akaweka alama kwenye mara moja kwa sababu ndivyo anavyowawekea wote. Hapo kosa ni letu na ninalikubali. Fomu ya viza usimwachie mtu anayeijaza huku akitoa fotokopi za mwingine.

Lakini mimi mwenyewe nilijaza yangu kwa mkono wangu. Kazi yangu ni ukalimani. Katika miezi ishirini nilipata viza tatu za Schengen kwa ajili ya mikutano, nikaenda mara tatu, nikarudi mara tatu, mara zote kabla siku hazijaisha. Sheria yao ya viza, kwa marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2020, inasema mtu aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia kihalali hupewa ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja. Akiitumia vizuri hiyo, ya miaka miwili. Kisha ya miaka mitano. Ubalozi unaweza kukataa ukiwa na shaka juu ya mwombaji, lakini ngazi ndiyo hiyo. Nikaomba ya kuingia mara nyingi, nikaambatanisha nakala za viza zote tatu na mihuri yote. Nikapewa siku 9, kuingia mara moja. Kwenye bahasha hapakuwa na maelezo yoyote.

Nimelifikiria sana jambo hili na bado sioni mantiki yake. Hoja ya balozi inajulikana: wanaogopa watu wasiorudi. Sitajifanya hawapo. Wapo waliojilipua, yaani walioamua kubaki huko huko, wapo wanaobeba boksi mwaka wa kumi huu bila karatasi, na kila mtaa wa Dar unamjua angalau mmoja. Lakini mtu wa namna hiyo anahitaji kuingia mara moja tu! Akishapita pale uwanjani, habari ya kuingia mara ya pili haimhusu tena. Anayehitaji mara ya pili ni yule aliyetoka. Aliyekwenda harusini akataka kurudi kuchukua sanduku lake. Mfanyabiashara aliyeonana na mnunuzi Hamburg, akarudi Arusha kutengeneza sampuli, akatakiwa kuzipeleka. Masharti ya kuingia mara moja hayamgusi mzamiaji hata kidogo, yanamwangukia mtu mwenye tabia ileile ambayo balozi zinasema zinaitaka.

Na kila safari mpya ni maombi mapya. Ada imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, kabla ya malipo ya kituo cha maombi. Ukikataliwa hairudi. Unakusanya tena taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwenyeji, bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Unakwenda miadi saa mbili asubuhi umevaa kama unakwenda usaili. Kisha unakaa bila pasipoti kwa siku 15, na sheria inaruhusu zifike 45. Mimi nimewahi kukosa kazi ya Nairobi kwa sababu pasipoti ilikuwa ubalozini.

Linaloniuma zaidi ni hili. Nina ndugu Muscat, watoto wa mjomba wa mama yangu, waliozaliwa Oman na raia wa huko. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba raia wa Oman, Bahrain na Saudi Arabia wapewe viza ya kuingia mara nyingi ya miaka mitano, hata anayeomba kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kwa ajili yao, na ninafurahi mpaka leo. Ila babu yetu ni mmoja, Kiswahili chetu ni kimoja, tukikaa pamoja kwenye msiba huwezi kututenganisha. Yule ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya anapewa miaka mitano, na mimi niliyekwenda na kurudi mara tatu nikapewa siku 9. Na Oman, kama sisi, bado ni nchi ambayo raia wake wanahitaji viza. Kumbe inawezekana. Masharti yanaweza kulegezwa bila kuondoa viza. Mauritius na Ushelisheli, majirani zetu kwenye Bahari hii ya Hindi, wamekwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2009 wanaingia Schengen bila viza kabisa.

Mgeni wa kutoka Ulaya anayetua Zanzibar hupata viza pale pale uwanjani kwa dola 50, na tangu Oktoba 2024 hulipia bima ya dola 44. Hakuna anayemwambia atoe taarifa za benki. Sisemi tuanze kuwasumbua. Mgeni apokewe vizuri, ndivyo tulivyolelewa. Nasema serikali zetu zina hoja nzito mkononi, na ningependa kuwasikia mabalozi wetu Brussels wakiitumia. Wasianzie na kuondolewa viza, hilo ni la mbali. Waanzie na ngazi ile ambayo tayari imo ndani ya sheria: mwenye rekodi apewe mara nyingi, na anayenyimwa aandikiwe kwa nini. (Ndugu zetu wa Kongo wana mzigo mwingine juu ya huu. Pasipoti yao inadai viza hata ya kubadilisha ndege tu kwenye kiwanja cha Schengen, bila kutoka nje ya jengo.)

Kuna mabadiliko ambayo kila anayesafiri ayajue. Tarehe 12 Oktoba 2025 walianza mfumo mpya mpakani unaochukua nafasi ya muhuri, wakauingiza kwa awamu kwa miezi sita. Sasa sura na alama za vidole ndivyo vinavyosajiliwa, na mashine inahesabu siku zako. Zamani muhuri uliofifia ungeweza kukufanya ubishane na afisa. Sasa kompyuta ina tarehe uliyoingia na tarehe uliyotoka, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kwetu wenye rekodi safi naona hii ni faida, maana hakuna tena wa kusema hajui kama nilirudi. Data ipo kwao wenyewe.

Jambo jingine la kushika: kuwa ndani ya Schengen hakumaanishi pasipoti ibaki hotelini. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu mwezi Septemba 2024, na Austria na Ufaransa zimekuwa na ukaguzi wa namna hiyo kwa miaka. Polisi wanaingia ndani ya basi usiku wa manane. Beba pasipoti yenyewe, picha kwenye simu haitoshi.

Na stika ikifika mkononi, isome kabla hujatoka mlangoni pa kituo. Tarehe za kuanzia na kuishia zinakupa dirisha la kusafiri tu, na kwa kawaida wanaongeza siku 15 za ziada kwa ajili ya safari kuahirishwa. Siku unazoruhusiwa kukaa ni ile namba nyingine, iliyo ndogo. Binamu yangu alikuwa na dirisha la siku 36 lakini siku za kukaa 21. Kisha tazama kuingia: 01, 02, au MULT, yaani mara nyingi. Kama uliomba MULT na ukapewa 01, andika barua kwa adabu siku hiyo hiyo uulize sababu. Mimi niliandika ile mara ya nne. Sikujibiwa, lakini nakala ninayo, na nitaiambatanisha kwenye maombi yajayo.

Binamu anaomba tena. Dada yake amejifungua, na mama anataka binti yake mkubwa aende akamwogeshe mtoto mpaka arobaini iishe. London nako wamemwita. Safari hii amechukua kwanza viza ya Uingereza, ameitoa nakala na kuiweka juu kabisa ya faili. Barua ameandika mwenyewe, mimi nimesahihisha nukta na mkato tu. Aya ya pili inasema: "Naomba viza ya kuingia mara mbili au zaidi, kwa sababu nitaondoka Rotterdam kwenda London kwa siku nne na kurudi Rotterdam, ambako ndiko tiketi yangu ya kurudi Dar es Salaam inakoanzia. Mwaka 2025 niliondoka katika eneo lenu kabla ya siku zangu kwisha." Chini yake amebandika nakala ya ule muhuri wa kutoka, wa tarehe 13 Juni.