Kipindupindu nacho kina kwake

Masika ikishika tu hapa Moshi yanaanza yale yale, mtu akisikia kuna mgonjwa wa kipindupindu mahali basi swali la kwanza ni nani kakileta. Atatajwa aliyeshuka na basi la Dar, atatajwa mama anayeuza matunda ya kukatwa stendi, mwisho muuza mbege. Aisee mi hilo swali limenichosha, maana linatufanya tudhani huyu mdudu hana kwao, kwamba anaishi matumboni mwa watu tu na wagonjwa wakipona basi kaisha. Kwao anako, na kwao ni majini.

Juzi fundi bomba kapanda kwenye simtanki letu huku Pasua kubadilisha boya, kafungua mfuniko, kapitisha kidole ukutani kwa ndani, kikatoka na uteute wa kijani unaovutika kama mlenda. Kacheka, "Mama, humu mnafuga samaki?" Nikamwambia ukoga tu huo, lakini roho haikutulia.

Kuna huu mwani wanaouita wa kijani-bluu, ambao ni mwani kwa jina tu, kiukweli ni bakteria wanaojipikia chakula kwa jua. Jamii yake moja, Anabaena, inajivika uteute wa hivyo hivyo. Mwaka 1990 mtafiti wa Bangladesh, Sirajul Islam, na wenzake walitoa matokeo kwamba walimweka kimelea wa kipindupindu pamoja na Anabaena maabara, na baada ya miezi 15 bado wakamkuta humo ndani ya uteute. Miezi 15! Hapo masika imepita, vuli imepita, masika nyingine imepita, jamaa katulia zake kama mpangaji aliyelipa kodi. Mwenye nyumba anatoa oksijeni mchana kukiwa na jua, mpangaji naye anarudisha hewa ya ukaa ambayo mwani unaihitaji, hakuna anayemdai mwenzie.

Ila kilichoniacha hoi ni usingizi wa huyu mpangaji. Hali ikiwa mbaya anajikunyata anakuwa kaduara, hagusi chakula cha maabara, haoti kwenye kisahani, unaandikiwa maji salama kumbe yuko hai. Kundi la mtafiti Rita Colwell, Marekani, lililisema hili tangu 1982 na wenzao wengi wakabisha.

Sasa msije mkakimbia kila bwawa lenye ukijani. Huyu mdudu ana makundi zaidi ya 200 na yanayoleta milipuko ni mawili tu, O1 na O139, halafu anapenda maji ya vuguvugu yenye chumvichumvi kama kule Ghuba ya Bengal, sio haya yetu ya chemchemi za mlimani yanayouma meno. Huku kwetu vyoo na mikono ndo vinamsafirisha zaidi, kwa hiyo basi la Dar nalo halina usafi wa kujitetea. Ninachogomba ni ile tabia ya kampeni, mlipuko ule wa 2015 ulianzia Dar mwezi wa nane ukasambaa mikoani, kila mtu akawa bingwa wa kunawa, ulipotulia ndoo za kunawia zikarudi kufugia vifaranga.

Halafu kuna hii ya bibi yangu, Kibosho. Maji ya mfereji alikuwa anayachuja kwa khanga kuukuu kabla ya kuchemsha, sisi wa shule tunamcheka kwamba vijidudu havioni khanga. Kumbe Colwell na wenzake wakawafundisha akina mama wa Matlab, Bangladesh, kuchuja kwa sari kuukuu iliyokunjwa angalau mara nne, matokeo yakatoka 2003, kipindupindu kilishuka karibu nusu. Kimelea mwenyewe ni mdogo anapita kweli, ila wengi wao wanasafiri wamedandia vidudu vya majini na mwani, na hivyo vinanasa kwenye kitambaa. Sari kuukuu inafaa kuliko mpya kwa sababu nyuzi zimeshalegea matundu yakabana. Kwa hiyo bibi alikuwa anawazuia mlangoni wakiwa na nyumba yao, kisha moto unamalizia.

Fundi nilimwongeza hela akalisugua tanki lote kwa brashi kabla hatujatia klorini, maana ukiitia juu ya uteute klorini inaishia kupambana na uteute. Khanga nayo nimeikunja nne juu ya ndoo ya jikoni, na mwanangu wa mwisho kashaanza kuuliza kwa nini maji yetu yanavaa khanga.