Kituo cha Kujitolea Kila Kata: Msaada wa Kweli au Mlango wa Kazi za Bure?

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wanaojitolea kwa Maendeleo Endelevu. Ni wakati mwafaka wa kuitazama vizuri hoja ambayo kwetu Tanzania husemwa kwa kupita tu: kwa nini kusiwe na kituo katika kila kata, au walau kila wilaya, ambapo mtu mwenye saa mbili tatu za wiki anaweza kwenda kuulizia ni wapi anahitajika?

Uingereza vituo vya namna hiyo vipo katika miji mingi, na vimekuwepo kwa miongo kadhaa. Kazi yake ni rahisi kuieleza. Mwalimu mstaafu anaingia, anasema ana nafasi Jumanne na Alhamisi asubuhi, na angependa kukaa na watoto. Mhudumu ana orodha ya maombi: shule inatafuta mtu wa kusoma na wanafunzi walioachwa nyuma, chama cha wasioona kinatafuta wa kuwasindikiza wanachama wake sokoni. Anaulizwa maswali, na kama kazi yenyewe inahusu watoto au wagonjwa, rekodi yake ya jinai inachunguzwa kwanza. Kisha anakutanishwa na wanaomhitaji, na kituo kinafuatilia kama mambo yanakwenda.

Hapa kwetu wazo hili lina wapinzani wenye hoja nzito, na si watu wachoyo.

Wa kwanza wanasema hatuhitaji ofisi ili tusaidiane. Fiwa leo Mbagala au Buza uone. Kabla jua halijazama turubai limeshafungwa, viti vimeshushwa, masufuria makubwa yametoka kwa jirani ambaye nusu ya wafiwa hawamjui, na mtu ameketi pembeni na daftari la rambirambi. Hakuna aliyejaza fomu. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, asubuhi ya 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu waliokuwa jirani walianza kufukua kifusi kwa mikono. Ni mratibu gani wa kata, wanauliza, angewafanya watu hawa wawe wema kuliko walivyokuwa?

Hakuna. Hapo nakubaliana nao kabisa. Lakini tutazame ni shida za aina gani zinazotuamsha hivyo. Ni zile zenye kishindo. Msiba una siku zake, kiharusi hakina. Mzee aliyepooza upande mmoja atatembelewa na mtaa mzima wiki ya kwanza. Wataleta machungwa, maziwa na dua, na watakaa naye hadi jioni. Ikifika mwezi wa sita amebaki na binti yake peke yake. Binti huyo hawezi kwenda hata gengeni bila kukimbia, maana baba hageuki kitandani bila kugeuzwa, na asipogeuzwa mgongo unaanza vidonda. Hana haja na mchango wa fedha. Anachokihitaji ni mtu mmoja wa kuaminika, kila Jumatano, kwa muda wa saa mbili tu, bila kukosa, ili yeye afue, aende saluni, au alale. Ombi kama hilo halina mahali pa kupelekwa. Ukiliweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa litapata pole nyingi, tena za kweli kutoka moyoni, kisha litafunikwa na jumbe nyingine, na Jumatano itafika hakuna aliyekuja.

Mtaa wenyewe nao umebadilika. Dar es Salaam watu wengi ni wapangaji, na mkataba wa miezi sita ukiisha mtu anahamia upande mwingine wa jiji. Mama mjane anaweza kukaa miaka miwili katika chumba cha uani bila mwenyekiti wa serikali ya mtaa kulijua jina lake. Mwendo wa dakika kumi na tano kutoka hapo yupo muuguzi mstaafu ambaye wanawe wamekwenda zao na siku inamwia ndefu. Wote wawili wako katika kata moja, na hawatakutana kamwe. Kwa ajili ya hao wawili, mimi ni mfuasi wa kituo.

Hoja ya pili ndiyo inayoninyima raha, na ningependa wapenzi wa vituo hivi waijibu kabla hawajapaka rangi ukuta wa ofisi. Kwetu, kujitolea kumegeuka kuwa foleni ya ajira. Serikali iliposimamisha ajira mpya katikati ya 2016 kupisha uhakiki wa watumishi hewa, watoto hawakuacha kuandikishwa shule. Wahitimu wa ualimu waliingia madarasani wakijitolea, wengine kwa posho inayochangwa na wazazi, wengine bila hata hiyo, na wapo walioendelea hivyo miaka na miaka. Hata Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kijana wa kundi la kujitolea hutumikia akiwa na matumaini ya kuchukuliwa na vyombo vya ulinzi na usalama. Kwa hiyo kituo kikifunguliwa kesho, wa kwanza kufika mlangoni hatakuwa mwalimu mstaafu. Watakuwa vijana wenye bahasha za vyeti, wakiuliza kama mwishoni watapewa barua.

Hao vijana hawana kosa lolote. Kosa litakuwa la kituo kikiitazama foleni hiyo kikaona nguvu kazi isiyolipiwa. Na vishawishi vitakuwa vingi, kwa sababu kila zahanati, shule na ofisi ina upungufu wa watumishi, na mtumishi asiyedai mshahara ni vigumu kumkataa.

Sekta ya afya imeshatufundisha jambo hili kwa gharama. Kenya ilianza mkakati wake wa afya ya jamii mwaka 2006 ikiwategemea watu wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba kufuatilia wajawazito, watoto na wagonjwa wa kifua kikuu. Ilichukua hadi Septemba 2023 ndipo serikali ikawapa jina jipya la wahamasishaji wa afya ya jamii, watu wapatao 100,000, ikawakabidhi mabegi ya vifaa na kuwapangia shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Katikati hapo, mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri kwamba wahudumu wa aina hii walipwe kulingana na ugumu na muda wa kazi yao. Tanzania nayo Januari 2024 ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wenye mafunzo na posho. Safari ni ile ile: kazi inaanza kama moyo wa kusaidia, inakuwa ya kila siku, inaanza kutegemewa, na anayeifanya anabaki mikono mitupu hadi serikali ikubali kwamba ni kazi.

Basi kituo kitatofautishaje? Chukua maombi mawili kutoka zahanati moja. La kwanza linasema: anahitajika mtu wa mapokezi, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, mwenye diploma, kwa miezi sita. La pili linasema: siku ya kliniki ya mama na mtoto, Alhamisi saa mbili hadi saa tano, tunaomba mtu wa kuwaelekeza wageni na kuwashikia kina mama watoto wakati wanapimwa. La kwanza ni ajira iliyovuliwa mshahara. Mtu huyo asipofika, dirisha la mapokezi halifunguliwi. La pili ni kujitolea hasa: asipofika, kliniki itaendelea, ila kina mama watahangaika zaidi. Kazi kubwa ya kituo, kubwa kuliko kuandikisha watu, ni kuyarudisha maombi ya aina ya kwanza kwa maandishi, hata kama aliyeyaleta ni ofisi ya serikali.

Najua nitakavyojibiwa na kijana mwenye diploma yake. Atasema: wewe una kazi, ndiyo maana unaona ni heri nikae nyumbani. Miezi sita mapokezi inanipa uzoefu, inanipa mtu wa kunidhamini kwenye maombi ya kazi, na inaniondoa kijiweni. Ana haki ya kusema hivyo, na matangazo ya ajira yanayodai uzoefu wa miaka miwili kwa mtu aliyemaliza chuo jana ndiyo yaliyomfikisha hapo. Lakini anachokieleza ni mafunzo kazini, na mafunzo kazini yana taratibu zake: mkataba, muda unaojulikana, msimamizi, posho ya kujikimu. Serikali ina mpango wa namna hiyo kupitia huduma zake za ajira. Kituo kimwelekeze huko. Kikimpokea yeye na ombi la zahanati kwa pamoja, kitakuwa kimemfungia mlango mwenzake ambaye angeajiriwa pale dirishani.

Kuna kosa jingine linalofanywa hata na wenye uwezo mkubwa kuliko sisi. Machi 2020, korona ilipopamba moto, serikali ya Uingereza iliomba watu 250,000 wa kujitolea kuisaidia huduma ya taifa ya afya kupitia programu ya simu. Ndani ya siku chache walijiandikisha 750,000, hadi usajili ukasitishwa kwa muda. Kisha wengi wao wakakaa na simu zimewashwa wiki baada ya wiki bila kupewa kazi. Wakati huo huo majirani wa mitaa ile ile walikuwa wameanzisha makundi yao ya WhatsApp, wakipitisha vikaratasi chini ya milango kuuliza nani anahitaji mkate au dawa. Wenye moyo hawakukosekana kwenye ule mpango mkubwa. Kilichokosekana ni mtu anayejua nyumba ipi ina shida gani. Ndiyo maana nasema kituo cha kata kisianze na usajili wa wanaojitolea. Mratibu atumie miezi ya mwanzo kuzunguka: aongee na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na walimu wakuu, na maimamu, na viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo, na mama wa genge anayejua nani hajaonekana tangu juzi. Akirudi na daftari la maombi ya kweli, ndipo aanze kutafuta watu.

Daftari hilo nalo ni la kuangaliwa. Lina majina ya wagonjwa, wazee wanaoishi peke yao, nyumba ambazo mchana hazina mtu mzima. Likiangukia mikono mibaya ni ramani ya mwizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaligusa moja kwa moja, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inagusa kila anayepelekwa kukaa na watoto. Mtu asiingie kwa mgonjwa peke yake siku ya kwanza. Aende na mratibu, atambulishwe, na familia ipewe namba ya kupiga ikiwa haikuridhika.

Halafu kituo kikae wapi? Wengi watasema ofisi ya kata, kwa kuwa jengo lipo tayari. Sikubaliani. Mtendaji ndiye anayekuja kwa ajili ya tozo, michango na amri ya usafi. Akikuita kujitolea utakwenda kwa sababu ameita. Katika baadhi ya miji yetu maduka huamriwa yasifunguliwe asubuhi ya Jumamosi ya usafi mpaka usafi uishe. Rwanda wamelifanya hilo kuwa utaratibu wa taifa: umuganda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa wenye miaka 18 hadi 65, na asiyeshiriki anaweza kutozwa faini. Barabara zinasafishwa na madarasa yanajengwa, hilo haliwezi kubezwa. Ila amri inaweza kumtoa mtu nyumbani akashike jembe. Haiwezi kumtuma akamgeuze mzee wa jirani kwa upole. Maktaba, tawi la Msalaba Mwekundu, chumba cha shule baada ya masomo, popote pale ambapo mtu anaweza kusema hapana bila kuogopa, panafaa zaidi.

Linabaki suala la fedha, na hapa wapenzi wa vituo huwa wanaharakisha. Anayejitolea halipwi, lakini kumuunganisha kuna gharama. Uingereza kwenyewe, halmashauri zilipobanwa bajeti baada ya 2010, vituo kadhaa vilifungwa au kuunganishwa, ingawa watu wa kujitolea walikuwepo. Kwetu wapo watakaotaja ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Isiguswe, ile ni mikopo ya vikundi na ina wenyewe. Kinachohitajika ni kifungu kidogo cha bajeti ya maendeleo ya jamii, na kata tatu zilizopakana zinaweza kumgawana mratibu mmoja anayelipwa mshahara. Cha pili ni nauli, irudishwe siku ile ile, taslimu au kwa simu. Anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kila Jumatano anakuwa amelipia fursa ya kusaidia, na wa kwanza kuacha atakuwa yule anayeijua shida vizuri kwa kuwa anaishi nayo. Halmashauri isiyoweza kuahidi mambo hayo mawili kwa miaka mitatu mfululizo isifungue kituo kwanza, maana yule binti wa mzee aliyepooza atakuwa ameshapangiwa mtu wake wa Jumatano, na mwaka wa pili mtu huyo hatafika.