Ferris Bueller na makosa yasiyolingana uzito

Ferris Bueller, kijana wa kwenye filamu ya Ferris Bueller's Day Off, anatoroka shule siku moja na kwenda kuzurura Chicago na rafiki yake Cameron na mpenzi wake Sloane, ndani ya Ferrari ya babake Cameron. Gwaride ambalo Ferris analiteka katikati ya jiji ni gwaride la Von Steuben, nalo hufanyika Septemba. Wamarekani wenye asili ya Kijerumani huliandaa kumkumbuka Friedrich Wilhelm von Steuben, ofisa wa Prussia aliyelinoa jeshi la George Washington kwenye kambi ya Valley Forge mwaka 1778, na aliyezaliwa Septemba 1730. Lakini Ferris yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, mahafali yanakaribia, na kwa kalenda ya shule za Marekani hapo tuko Mei au mwanzoni mwa Juni. Gwaride na mtoro wetu wamepishana kwa miezi kadhaa.

Mashabiki wa filamu hiyo, iliyoongozwa na John Hughes mwaka 1986, hawakosi kulitaja kosa hilo wakikaa kuichambua. Mimi ni mmoja wao na naipenda filamu hii kwa dhati. Ndiyo maana nasema wazi kwamba tunamaliza nguvu zetu kwenye makosa mepesi, halafu lile zito tunalipita tukicheka.

Haya mepesi nayo yana utamu wake, hasa la uwanjani. Ferris, Sloane na Cameron wamekaa jukwaani Wrigley Field, uwanja wa Cubs, timu ya Chicago, wakitazama besiboli, huku Rooney, mwalimu wa nidhamu anayewasaka, akiwa kwenye mgahawa wa piza ambako mchezo huohuo unaonyeshwa kwenye televisheni. Mpira unapigwa vibaya, unapotoka nje ya mstari, unatua jukwaani na Ferris anaudaka. Rooney anakosa kumwona kwa sababu ameangalia pembeni. Mwaka 2011 mwandishi mmoja wa masuala ya besiboli aliichambua picha ile ya televisheni, nani anarusha, nani anapiga, hali ikoje uwanjani, akailinganisha na kumbukumbu za michezo ya Cubs. Akaipata: ni Juni 5, 1985, Cubs dhidi ya Atlanta Braves, raundi ya 11. Mchezo wa kawaida huisha raundi ya 9, kwa hiyo hapo walikuwa tayari kwenye muda wa nyongeza.

Sasa piga hesabu. Mchezo ulioanza baada ya saa saba mchana na kufika raundi ya 11 unakupeleka hadi saa kumi au zaidi. Baada ya hapo vijana hawa wanaingia Art Institute, jumba la makumbusho ya sanaa, wanatoka, wanakwenda kwenye gwaride, wanafika ziwani, wanarudi Highland Park, kitongoji anakoishi Cameron, wanaliweka gari kwenye jeki wakijaribu kurudisha nyuma mita ya maili, na Ferris anatakiwa awe kitandani wazazi wake wanaporudi kazini, saa kumi na mbili jioni. Haiwezekani hata kidogo. Isitoshe, waigizaji wenyewe walipigwa picha pale uwanjani Septemba 24, 1985, siku ambayo Cubs walicheza na Montreal Expos. Mpira umepigwa Juni, mkono ulioudaka ni wa Septemba.

Ila kuna jambo katika tukio hilohilo ambalo filamu imelipatia, na sijui kwa nini watu hawalisifu. Wrigley Field haikuwa na taa hadi Agosti 1988. Michezo yote ya nyumbani ya Cubs ilichezwa mchana, hata siku za kazi. Kwa hiyo katika miaka ile mwanafunzi wa Chicago aliyetoroka shule siku ya kazi aliweza kweli kukuta mchezo wa ligi kuu ukiendelea juani. Jiji lenye timu ambayo haikuwahi kucheza nyumbani usiku ndilo lililomfaa Ferris kuliko jingine lolote, na Hughes, aliyekulia vitongoji vya kaskazini mwa Chicago, alilijua hilo vizuri.

Na gwaride je? Upigaji picha ulianza Septemba 1985. Hughes alihitaji barabara ya Dearborn iliyojaa watu, magari yaliyopambwa na bendi, na Septemba 28 jiji lilikuwa na vyote hivyo tayari. Akaliingiza gari lake la mapambo ndani ya gwaride la kweli, kisha akaja kumalizia siku nyingine kwa umati aliouita mwenyewe. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Tukio lile linahitaji jua, umati na kijana mmoja aliye juu ya wote, na limevipata. Hakuna mtazamaji aliyetoka sinema akiamini jambo la uongo kuhusu maisha yake kwa sababu ya mwezi wa gwaride. Nyumba ya akina Ferris nayo iko Long Beach, California, na ile ya Cameron iko Illinois, karibu kilomita 2,800 kati yao. Hayo ni ya mafundi na bajeti zao.

Kuhusu Ferrari naona filamu inaonewa. Cameron anasema magari ya aina ile hayakufika 100. Ukijumlisha 250 GT California zote, zile ambazo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana zaidi na zile fupi, yanapita 100 kidogo. Lakini la babake ni la 1961, yaani fupi, na hayo yalitengenezwa kama 55 tu. Mtoto amesema kweli. Hata maili zinaingia akilini: mita ya gari inaanza maili 126 na ushei, na wanapolichukua kwa wafanyakazi wa maegesho waliowaachia walitunze inasoma 301.7. Hiyo ni tofauti ya maili 175, kama kilomita 280. Kutoka Highland Park hadi katikati ya jiji ni kilomita 40 hivi, kwa hiyo safari ya vijana haielezi hata nusu ya mwendo huo. Uliobaki ni wa wale wafanyakazi wawili, waliotoka nalo kwa siri na kulirusha angani. (Gari lenyewe linalotumbukia bondeni mwishoni ni la kuigiza, la bodi ya faibaglasi, maana hakuna ambaye angetupa Ferrari halisi.)

Sasa lile zito. Shuleni kwa Ferris, mwalimu wa uchumi amesimama mbele ya ubao, sauti imelala, anauliza swali na kulijibu mwenyewe. Kamera inapita kwa wanafunzi mmoja mmoja: huyu anapuliza bigijii, yule amelalia dawati mate yakimtoka. Mwalimu anawaambia kwamba mwaka 1930 Baraza la Wawakilishi, katika kujaribu kupunguza makali ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, lilipitisha sheria ya ushuru wa forodha ya Hawley na Smoot (majina ya wabunge wawili walioisimamia) ili serikali ikusanye mapato zaidi. Haikufaulu, anasema, na nchi ikazama zaidi.

Hitimisho lake ni sawa. Wachumi wengi wanakubali kwamba ushuru ule uliongeza madhara, ingawa si ushuru huo ulioleta mdororo. Njia ya kufikia hitimisho hilo ndiyo mbovu. Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada wa Hawley Mei 1929. Soko la hisa la New York lilianguka Oktoba 1929. Muswada ulitoka kwanza, anguko likafuata miezi mitano baadaye. Ni kweli Seneti iliupigia kura Machi 1930 na Rais Herbert Hoover akatia saini Juni 17, 1930, baada ya wachumi zaidi ya 1,000 kumwandikia barua wakimsihi asifanye hivyo. Lakini chanzo chake ni ahadi za kampeni ya 1928 za kuwakinga wakulima wa Marekani na mazao ya nje. Lengo lilikuwa ulinzi, wala si mapato.

Kwa nini nalishikilia hili? Kwa sababu mpangilio wa matukio ndio somo lenyewe. Ukiambiwa kwamba sheria ile ilikuwa dawa ya mdororo, unawaonea huruma wabunge: walibanwa, wakajaribu, wakakosea. Ukweli ni mkali zaidi. Ilianza wakati uchumi unang'ara, ikaanza na wakulima, kisha kila kiwanda kikapeleka watu wake bungeni kuomba kikingwe na chenyewe, hadi orodha ya bidhaa ikawa ndefu kupita kiasi. Hivyo ndivyo ushuru wa namna hii unavyozaliwa, na ndicho anachokosa mtu aliyesomeshwa na tukio lile.

Na waliosomeshwa nalo ni wengi. Serikali ya Donald Trump ilipopandisha ushuru mwaka 2018, na tena 2025, kipande kile kilisambazwa kila mahali kama ushahidi. Aprili 2025 ushuru wa asilimia 10 ulipotangazwa kwa bidhaa za Kenya na Tanzania, hata sisi tulikuwa tunatumiana.

Aliyemwigiza mwalimu huyo ni Ben Stein, aliyesoma uchumi Chuo Kikuu cha Columbia, na babake, Herbert Stein, aliongoza baraza la washauri wa uchumi la Rais Nixon. Awali alitakiwa sauti yake tu isikike, ila Hughes akamtaka asimame mbele ya kamera afundishe jambo analolijua. Akafundisha bila maandishi. Kwa mtu aliyezungumza papo kwa papo, alifanya kazi nzuri sana, na simlaumu kwa kuchanganya. Ninaowalaumu ni sisi tunaoijua siku ya mchezo wa Cubs hadi raundi, lakini hatujawahi kuangalia tarehe ya muswada ule.

Mwalimu wa historia au uchumi anayetaka kukionyesha kipande hicho darasani akionyeshe, ni kizuri mno kuachwa. Akisimamishe tu pale 1930 inapotajwa, aandike ubaoni Mei 1929 na Oktoba 1929, awaulize wanafunzi kipi kilitangulia, kisha aendelee.