Saini ya Mdhamini: Je, Mkristo Amsimamie Ndugu Yake Kwenye Mkopo?

Jumapili nyingi hapa Nakuru, ibada ikishakwisha na watu wangali wakisalimiana uwanjani, utamwona mtu akitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka ndani ya Biblia yake. Anamvuta mwenzake kando. "Mwalimu, naomba unisimamie. Nimebakisha mmoja tu." Karatasi ni fomu ya mkopo wa Sacco, yaani chama cha akiba na mikopo: jina, namba ya kitambulisho, namba ya uanachama, kiasi unachodhamini, saini. Siku hizi Sacco nyingi zimehamishia jambo hili kwenye simu. Ujumbe unaingia, unaweka namba yako ya siri, kazi imekwisha. Ule muda mdogo wa kutafuta kalamu, ambao ulimpa mtu nafasi ya kufikiri, haupo tena.

Kuhusu karatasi hiyo waumini tumegawanyika. Wako wanaosema Biblia imekataza dhamana, mjadala umefungwa. Wako wanaosema asiyemsimamia ndugu yake hajui maana ya kuchukuliana mizigo. Nimekuwa pande zote mbili kwa nyakati tofauti, na sasa naona kila upande umeshika kipande cha Maandiko na kuacha kingine.

Kwanza tuelewe tunachokitia saini. Kwenye Sacco nyingi za Kenya, mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Aliyeweka shilingi 150,000 anaweza kupewa 450,000. Kile kinachozidi akiba yake ndicho wadhamini wanachokibeba, kwa akiba zao wenyewe. Akikwama, Sacco inachukua akiba yake kwanza, kisha inawageukia wadhamini. Na hata akilipa vizuri, pesa yako imefungwa kwa kiasi ulichodhamini. Ukitaka kujiondoa Sacco kabla hajamaliza, utaambiwa utafute mtu wa kushika nafasi yako. Watu husema, "Nimesaini tu." Hakuna kusaini tu. Siku ile umekopa, isipokuwa pesa zimeingia kwenye akaunti ya mwingine.

Nilijifunza hili kwa pesilipu. Mwenzangu wa kwaya alichukua 450,000 za miezi 48, akataka kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Tulikuwa wadhamini wanne. Alilipa miezi 14, duka likafa, akahamia mji mwingine na simu yake ikawa haipatikani. Deni lilikuwa limebaki kama 340,000. Akiba yake, 178,000, ikaliwa yote. Zikabaki 162,000, tukagawana: 40,500 kila mtu. Mwezi uliofuata nikaona kwenye pesilipu mstari mpya wa makato, shilingi 3,375, na mstari huo ulikaa hapo mwaka mzima. Mke wangu ndiye aliyeuona kwanza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Hii ni ya nini?" Nikagundua kwamba sikuwahi kumwambia.

Wanaokataa dhamana wangesema niliyataka mwenyewe, na wana Maandiko mkononi. Mithali sura ya 6 inamwambia kijana aliyemdhamini rafiki yake kwamba amenaswa kwa maneno ya kinywa chake, asilale usingizi mpaka ajiokoe, kama paa mkononi mwa mwindaji. Sura ya 11 inasema amdhaminiye mgeni ataumia. Sura ya 17 inamwita mwenye kufanya hivyo mtu asiye na akili. Ni vigumu kupata jambo jingine la fedha ambalo kitabu kile kinalirudia kwa ukali namna hii.

Lakini sura ya 22 ndiyo inayoeleza sababu. Inaonya watu wasiwe wadhamini wa madeni ikiwa hawana kitu cha kulipa, kwa maana mdai atawaondolea kitanda walichokilalia. Hapo ndipo kiini cha onyo kilipo: kuahidi usichokuwa nacho. Na kitanda kile si lugha ya picha kwa watu wa kwetu. Yeyote aliyewahi kuishi mitaa kama Nyalenda au Manyatta kule Kisumu anajua mikopo ya vikundi ya akina mama, ambapo mmoja akishindwa wenzake wanamlipia. Niliwahi kushuhudia mwisho wake. Godoro lilitolewa mlangoni likiwa bado na shuka, likafuata kochi, kisha cherehani, vyote vikapandishwa kwenye mkokoteni. Waliokuwa wakibeba ni wanakikundi wenzake, na wawili kati yao walikuwa wakishiriki naye meza ya Bwana. Hawakuwa wakatili. Mmoja alikuwa analia huku ameshika mguu wa cherehani. Zamu yake ya kulipia deni la mwenzake ilikuwa imefika, na yeye pia alikuwa na watoto.

Torati ilikuwa imeliona hili. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Inakataza pia mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa kujitwalia rehani. Asimame nje, aletewe. Cherehani ya fundi ni jiwe lake la kusagia. Kikundi cha Wakristo kinachoandika kwenye katiba yake kwamba mali ya nyumbani itabebwa, kinapaswa kukaa chini na sura hiyo kabla ya mkutano unaofuata.

Basi tukatae dhamana kabisa? Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu, na nguvu zake ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyokubali. Mtu asiye na mdhamini anakwenda wapi? Benki inataka hati ya shamba, na shamba la familia kule Vihiga mara nyingi lingali kwa jina la babu aliyefariki zamani. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali ulioanzishwa Novemba 2022, haihitaji mdhamini na riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, lakini mkopo wake wa mtu binafsi ulianza na kiwango cha juu cha 50,000 na siku 14 za kulipa. Huwezi kujenga nyumba ya kupangisha kwa siku 14. Fuliza, mkopo mdogo wa papo kwa papo wa M-Pesa, tangu 2019 inakuvusha leo kwa ada inayohesabiwa kila siku. Baada ya hapo ni shailoki, mkopeshaji wa mtaani anayeshika kitambulisho na kadi yako ya benki. Kwa hiyo ninapomwambia ndugu "mimi sidhamini, Biblia imekataza," nisijidanganye kwamba nimemwepusha na deni. Huenda nimemsukuma kwenye deni baya zaidi. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tena mfumo huu wenyewe umezaliwa karibu sana na kanisa. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijijini Ujerumani na Mprotestanti mcha Mungu. Katika njaa ya 1846 na 1847 alianza kwa kukusanya mali ya matajiri ili maskini wapate mkate. Aliona kwamba sadaka peke yake haimwinui mkulima, na mwaka 1864 akaanzisha Heddesdorf chama cha mikopo ambacho wanachama wake walidhaminiana kwa mali yao yote. Lakini vyama vya namna yake vilikaa ndani ya eneo dogo, kama parokia moja, watu wanaojuana shamba na tabia. Dhamana ilisimama juu ya kujuana. Sisi tumeibakiza dhamana na kupoteza kujuana. Namsainia mtu ambaye ninaijua sauti yake ya tena (tenor) kwenye kwaya, lakini sijui ana mikopo mingapi.

Wanaounga mkono dhamana hutaja pia watu wa Biblia waliodhamini. Yuda alimwambia baba yake kwamba yeye ndiye mdhamini wa Benyamini, na mambo yalipoharibika Misri alijitoa kuwa mtumwa badala ya kijana. Paulo alimwandikia Filemoni kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, deni hilo liandikwe kwake, na aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Atakayesema Biblia yote inapinga dhamana, barua ile fupi inamkatalia. Ni kweli kwamba Paulo alikuwa akibeba deni la jana lenye mwisho, wakati fomu ya Sacco ni ya miaka minne ambayo hakuna aijuaye. Tofauti hiyo ni nzito. Lakini yuko Msamaria, na yeye alimwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama yoyote itakayozidi atailipa akirudi. Huyo alimdhamini mtu asiyemjua hata jina!

Nimelifikiri sana jambo la Msamaria. Hakumtazamia majeruhi alipe. Aliacha dinari mbili kwanza, na ahadi ya baadaye akaihesabu kuwa yake tangu mwanzo. Yuda alikuwa tayari kulipa, na Paulo alisema wazi atalipa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetia saini akitumaini haitafika huko. Sisi husaini tukitumaini haitafika huko, na hapo ndipo Mithali inapotushika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mkristo anaweza kudhamini, lakini kwa kiasi kile tu ambacho kikipotea kesho nyumba yake haitatikisika, na akihesabu tangu siku ya saini kwamba amekwisha kukitoa. Akilipa mkopaji, umerudishiwa. Asipolipa, umeumia bila kuanguka. Paulo anawaambia Wakorintho, katika barua ya pili sura ya 8, kwamba utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, na kwamba hataki wengine wastarehe huku wao wakitaabika. Ukiombwa 100,000 na uwezo wako ni 30,000, andika 30,000. Nafasi ya kiasi kwenye fomu ipo, na hakuna dhambi kumwambia ndugu, "Hapa ndipo ninapofika, tafuta mwingine ajazie."

Na akiba si yako peke yako kama una mke au mume. Ndiyo karo ya muhula ujao. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unamhesabu asiyewatunza wa nyumbani kwake kuwa mbaya kuliko asiyeamini. Mtu anayeficha dhamana nyumbani amekwisha kuvunja agano moja ili alinde jingine. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu swali la mke wangu siku ile lingepaswa kuulizwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, fomu ikiwa bado mezani.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo ni shinikizo la kiroho. Nimesikia ikihubiriwa kwamba Waebrania 7 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora, kwa hiyo anayekataa kumsimamia ndugu hajaielewa injili. Andiko ni kweli, matumizi yake yanaumiza watu. Kristo alijua bei na alikuwa na uwezo wa kuilipa. Mjane mwenye akiba ya 60,000 anayesainishwa dhamana ya 50,000 kwa kuwa mwombaji ni mzee wa kanisa hajapewa nafasi hiyo. Mchungaji anayetaka kusaidia aitishe kipindi kimoja, watu wafundishwe kusoma fomu. Waambiwe pia yale ambayo Mithali 6 inashauri baada ya kunaswa: nenda, nyenyekea, umsihi rafiki yako. Mdhamini aliyeona dalili mbaya aende ofisi ya Sacco mapema na aulizie kubadilishwa, asingoje barua.

Mkopaji naye ana zamu yake. Zaburi ya 37 inamwita akopaye asilipe mtu mwovu, lakini wengi waliokwama si waovu, ni watu waliofilisika wakaona haya. Yule mwenzangu wa kwaya kama angepiga simu mwezi wa kwanza akasema "nimeshindwa," sisi wanne tungekwenda naye Sacco kuomba kipindi kirefushwe. Kilichotuumiza zaidi ya zile 40,500 ni ukimya. Miaka miwili baadaye alinitumia 2,000 kwa M-Pesa bila neno lolote, kisha 2,000 nyingine. Bado hajamaliza, na sijamdai. Siku hizi tunasalimiana.

Wiki hii nimeletewa fomu nyingine. Ni mwalimu mwenzangu wa Njoro anayetaka kununua ng'ombe wawili wa maziwa, na ameniomba nimsimamie 80,000. Jumamosi nilikwenda kwake. Nikaona zizi, nikaona mahali atakapopanda nyasi za mabingobingo, nikamwuliza ana mikopo gani mingine, akanionyesha pesilipu yake bila kusita. Jioni mimi na mke wangu tuliketi na daftari la matumizi ya nyumba. Tumekubaliana 35,000. Nitamwambia kesho, na fomu nitaijaza mbele yake.