Msaidie kijana kupima kabla hujamtumia faili

"Mukubwa, nitumie PVsyst yenye krak." Ujumbe wa namna hiyo, wa kuomba programu ya kusanifu mifumo ya sola iliyovunjwa kufuli, hunifikia mara kwa mara, na wanaoutuma ni vijana wa maana. Wamemaliza shule, wanapanda mapaa ya Katuba na Ruashi hapa Lubumbashi, Kongo, na bisibisi mfukoni, wana wateja waliochoshwa na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Siwalaumu kwa kuomba. Kinachoniuma ni msaada tunaowapa. Mmoja anatumiwa programu iliyovunjwa kufuli, mwingine anatumiwa faili ya mradi wa zamani ili abadilishe jina la mteja tu, wa tatu anaelekezwa abonyeze wapi ili ripoti itoke. Hakuna anayemuuliza: mteja wako anatumia umeme kiasi gani, saa zipi, na umejuaje?

Mimi nasema hivi: anayeomba msaada wa programu ya kusanifu sola, mara nyingi shida yake haimo ndani ya programu. Imo katika namba anazoiingizia. Na namba hizo hakuna mtaalamu wa ng'ambo atakayempa, kwa sababu ziko hapa hapa Lubumbashi, juu ya paa na ndani ya duka la mteja.

Kuhusu programu zenyewe sitakawia. PVsyst ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, na ndiyo ambayo benki nyingi hutaka kuona ripoti yake kabla ya kukopesha mradi mkubwa. Inalipiwa, ila unaweza kuijaribu siku 30 bila kutoa hata faranga, na Kifaransa kimo. HOMER ilianzia NREL, maabara ya nishati ya Marekani, nayo ni nzuri pale unapochanganya sola, betri na jenereta, inalipiwa pia. SAM imetoka NREL vilevile, na ni ya bure. PVGIS ni ya Tume ya Ulaya. Ni bure, inafunguka hata kwenye simu, ina Kifaransa, na kwa Afrika inatumia data za setilaiti za tangu 2005. Kwa nyumba, duka, saluni au zahanati ndogo, PVGIS inatosha kabisa, tena inatosha zaidi ya PVsyst iliyoibwa ambayo haisasishwi, ambayo orodha yake ya paneli na inveta (mashine za kugeuza umeme wa paneli au betri uwe wa kutumika nyumbani) imebaki ya miaka ya nyuma, na ambayo ukikwama huna wa kumwandikia.

Sasa tuingie kwenye namba, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Anza na mwelekeo wa paneli. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, nyuzi 11.7 hivi, kwa hiyo paneli zetu tunazielekeza kaskazini. Kwenye PVGIS, ukiandika namba ya mwelekeo, sifuri ni kusini, na kaskazini ni 180. Kwenye SAM ni kinyume chake: sifuri ni kaskazini, 180 ni kusini. PVsyst nayo, mradi wako ukiwa kusini mwa ikweta, huanza kuhesabu kutoka kaskazini. Kijana aliyejifunza kwa video iliyorekodiwa Ulaya ataiacha sifuri ya PVGIS kama alivyoikuta, pamoja na mwinamo wa nyuzi 35, na programu haitamwambia kitu. Itatoa jibu safi lenye michoro ya rangi. Lakini mwezi wa Juni jua letu la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, kama nyuzi 55 juu ya upeo wa macho, na katika hesabu yake paneli zimeligeuzia mgongo. Mwanga wa moja kwa moja unaozipata saa hiyo haufiki nusu ya ule ambao zingeupata zikielekezwa sawasawa. Ataona mwezi wa Juni umezama, ataongeza paneli, bei itapaa na mteja atakimbia. Au ataamua kwamba programu ni za uongo na kurudi kukisia kwa macho.

Na usidhani dawa ni kuinamisha paneli sana kuelekea kaskazini. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana hapa linapita upande wa kusini, na huo ndio wakati wa mvua na mawingu, wakati ambao betri zina njaa zaidi. Kwa hiyo mimi hukaa kati ya nyuzi 10 na 15. Hapo Januari haipotezi sana, na mvua bado inaweza kuteremsha uchafu kwenye kioo.

Baridi nayo. Wa mbali hudhani Kongo yote ni joto. Sisi wa Katanga tunazijua asubuhi za Juni na Julai. Chukua kidhibiti chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, kilichoandikwa kikomo cha volti 150. Fundi anaunganisha paneli 3 mfululizo, kila moja ikiwa na Voc (volti za paneli isipounganishwa na mzigo wowote) ya 49.5. Jumla ni volti 148.5, anaona imekaa vizuri. Lakini lebo ya paneli hupimwa kwenye nyuzi joto 25. Kama paneli hiyo hubadilika kwa asilimia 0.27 kwa kila nyuzi, ikipoa hadi nyuzi 10 volti zinapanda kwa asilimia 4 na kitu, na jumla inafika 154.5. Siku ya kwanza huenda kidhibiti kikavumilia. Asubuhi moja ya Julai, anga jeupe, upepo wa baridi, kinakufa, na mteja anaambiwa amenunua kitu feki.

PVsyst hukagua jambo hili yenyewe, ila inakagua kwa joto la chini uliloiambia. Ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani itatumia nyuzi 10 chini ya sifuri, baridi ambayo hapa hatuijui. Itakukatalia mpangilio ambao kwetu ungefaa, na kijana akichoka na alama nyekundu anatafuta namna ya kuzizima badala ya kuuliza zimetoka wapi. Kwa Lubumbashi mimi huweka nyuzi 5. Ninabaki na akiba, na alama nyekundu ikitokea naiheshimu.

Lakini kama ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha kupima matumizi. Kuna mama wa Katuba anayeuza samaki wa barafu. Fundi wake alisoma wati 150 kwenye lebo ya friza, akazidisha kwa saa 24, akapata wati-saa 3,600 kwa siku. Kutokana na hapo akamwandikia bei ya betri ambayo yule mama asingeiweza hata kwa kukopa. Tukaomba ruhusa, tukasubiri siku ambayo umeme haukukatika, tukachomeka friza kwenye kile kimita cha plagi kinachouzwa madukani. Usiku na mchana mzima ilitumia wati-saa 1,900 na kidogo. Sababu ni nyepesi: kompresa haifanyi kazi mfululizo, inawaka na kuzima. Bei ikashuka karibu nusu bila kumpunguzia mama kitu. Papo hapo tulilazimika kumweleza fundi upande wa pili: kompresa ile ile inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, kwa muda mfupi sana, kwa hiyo inveta huwezi kuichagua kwa kuangalia wati 150. Na joto la Oktoba litaipandisha ile 1,900, kwa hiyo tuliongeza kidogo juu yake.

Kisha tukafungua PVGIS, sehemu ya mifumo isiyounganishwa na gridi, yaani nyaya za umeme wa mji. Wengi hawajui kwamba ukiiacha jinsi ilivyo, inachukulia kwamba umeme mwingi unatumika jioni, kama nyumba ya taa na televisheni. Friza ya biashara haiko hivyo. Inakula usiku na mchana, na inakula zaidi alasiri, kifuniko kinapofunguliwa kila mteja anapopita. PVGIS inakuruhusu kuipa faili yako: mistari 24, mstari mmoja kwa kila saa, kila mmoja ukiwa na sehemu ya matumizi ya siku, na yote ikijumlishwa iwe 1. Tuliiandika na yule mama mwenyewe, yeye akitaja saa za wateja wake, fundi akiandika. Hakuna programu duniani inayojua kwamba Jumamosi anauza hadi giza, yeye anajua.

Jibu likitoka, usikimbilie jumla ya mwaka. Tafuta asilimia ya siku ambazo betri inaishiwa, na uone ziko miezi gani. Hiyo ndiyo namba ya kumwekea mteja mezani. Mama, ukinunua betri hii, siku kadhaa za Januari utahitaji jenereta au umeme wa gridi. Ukinunua kubwa zaidi hutahitaji, lakini bei ni hii. Aamue mwenyewe. Ni pesa yake.

Vumbi sitalirefusha. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hatuioni, barabara za udongo mwekundu zinapaa hewani, na mwisho wa kiangazi moshi wa kuchoma misitu unafunika anga. PVsyst inakubali upotevu wa uchafu mwezi kwa mwezi. Ingiza mkubwa Agosti na mdogo Februari, na umwandikie mteja siku za kufuta kioo. Na mwembe wa jirani hauonekani kwa setilaiti. PVGIS inaijua milima, haiujui ule mwembe. Panda paa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri uone kivuli kinalala wapi.

Kwa hiyo wewe kijana unayeandika kuomba msaada, njoo na matumizi uliyoyapima, picha za lebo za paneli na inveta, picha za paa kutoka pande zote, na jambo moja ambalo jibu la programu halikueleweka kwako. Ukija hivyo nitakaa nawe hata usiku. Na sisi wakubwa tuache kutoa faili zilizopikwa. Ni rahisi, inatufanya tuonekane wakarimu, lakini yule kijana atabaki kuomba faili mwaka ujao, na mteja wa Ruashi atalipia friza ya mtu mwingine wa mtaa wa Bel-Air.

Walimu wa vyuo vyetu wana nguvu kubwa hapa. TFC za sola, yaani kazi za kumalizia masomo, ni nyingi kila mwaka, na nyingi zimejaa kurasa za michoro ya simulesheni. Naomba kila mwanafunzi adaiwe ukurasa mmoja zaidi: vipimo vya siku saba vya nyumba halisi, saa kwa saa, vilivyoandikwa kwa mkono wake. Kama vipimo hivyo havipo, simulesheni isipokelewe.

Pia tunakosa kitu ambacho tayari tunacho. Inveta nyingi za kisasa hutunza kumbukumbu ya umeme uliozalishwa kila siku. Ziko juu ya kuta za maduka, parokia na zahanati mji mzima, na hakuna anayezisoma. Tukikusanya uzalishaji wa mwezi kwa mwezi kutoka mapaa machache tu ya Kenya (komini ya hapa mjini, si nchi), Kampemba na Katuba, na kuuweka kando ya kile PVGIS ilichotabiri, tutajua programu inakosea kwa kiasi gani hapa kwetu, mwezi gani, na kwa nini. Aliye na inveta ya namna hiyo aandike namba za mwezi uliopita, ukubwa wa paneli, mwinamo, na kama kioo kilifutwa. Nitazipanga kwenye jedwali moja ambalo fundi yeyote ataweza kulifungua kwenye simu, kuanzia na za Septemba, kabla mvua haijaosha vioo.