Madawati ya bei chee yanatugharimu

Hii habari ya kuzitaka halmashauri zinunue vifaa kama madawati ya shule kwa kuangalia bei pamoja na uimara naiunga mkono kabisa. Shule anayosoma binti yangu huku Dodoma vijijini yaliletwa madawati ya bei chee, mbao mbichi, mwaka haujaisha yamepinda misumari imechomoza ikamchania sketi, sasa yamerundikwa nyuma ya darasa watoto wanakaa chini, hapo tumeokoa nini jamani? Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, basi wapeni mafundi wa hapahapa walio kwenye vikundi hivyo, dawati likilegea fundi yupo jirani. Na kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, andikeni mbao kavu, fremu ya chuma, sio "madawati 100" tu.